Kamera ya nyumbani: nunua ipi bila kujianika?

Ukiingia duka la kamera Kariakoo, muuzaji ataanza na megapikseli, kuona gizani, na kwamba "utaiona nyumba yako hata ukiwa Mwanza". Muulize picha zinapitia kwa nani kabla ya kufika Mwanza. Mimi nazipanga kwa swali hilo.

Namba moja ni kamera za waya zenye DVR, yaani kile kisanduku cha kurekodia, na diski yake, bila kuichomeka kwenye ruta. Ukiwa safarini huoni kitu, lakini hakuna mwingine anayeona pia. Ifiche tu DVR yenyewe, maana mwizi mjanja huondoka nayo.

Inafuata ya waifai inayorekodi kwenye memori kadi. Iweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta yako, ule uliotengwa na simu na kompyuta zako, na maneno ya kwenye boksi usiyameze mazimamazima. Mwaka 2022 ilibainika kuwa kamera za Eufy, zilizonadiwa kwamba kila kitu kinabaki nyumbani, zilikuwa zikipeleka vipicha vya matukio kwenye seva za nje.

Ya tatu ni zile za kulipia hifadhi kila mwezi. Hapa umeshawakabidhi wengine. Mwaka 2023, FTC, tume ya Marekani ya kulinda wateja, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera ya Amazon, ikisema mfanyakazi wake mmoja alitazama maelfu ya video za wanawake wakiwa vyumbani na bafuni mwao. Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024, wateja wapatao 13,000 wa Wyze, kampuni nyingine ya kamera, waliletewa vipicha vya kamera za watu wengine. Ukiamua kununua, tafuta yenye usimbaji, yaani kufunga picha kwa siri, ambao hata kampuni haiwezi kuufungua, na uhakikishe umewashwa.

Mkiani: kamera za balbu za bei chee, zenye programu isiyojulikana mwenyewe ni nani. Getini, labda. Chumbani, hapana. Pasiwedi za kiwandani ndizo zilizokipa kirusi cha Mirai, kinachoteka vifaa vya mtandaoni, jeshi lake la kamera na DVR mwaka 2016.

Yoyote utakayochukua, isajili kwa simu yako. Fundi aliyenifungia ya kwanza aliisajili kwa namba yake, "nitakuunganisha, bosi". Baadaye nikagundua kwenye programu kuwa mwenye kamera ni yeye, mimi ni mgeni mwalikwa. Nikachukua pini ya mtandio wa mke wangu, nikabonyeza kile kitundu cha kuifuta, nikaanza upya.