Leso tano za mama wa jikoni: duka dogo la Mtaa wa Biashara, Mombasa

Nafundisha shule ya msingi upande wa Likoni. Kila ifikapo tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, wazazi hutuletea keki na soda, na wanaotuandalia meza ni mama wa jikoni. Tukishamaliza, wao ndio huosha vikombe tulivyonywea kisha wakarudi kwenye sufuria zao. Siku yao wao shuleni kwetu haipo. Mwaka huu niliwaambia walimu wenzangu kwamba jambo hili linaniumiza. Tukachanga shilingi 300 kila mmoja, tuko 17, ikawa 5,100. Mimi nikatumwa mjini kuwanunulia mama hao leso, yaani kanga.

Nilivuka feri Jumamosi mapema, nikaingia Mtaa wa Biashara kabla jua halijawaka. Duka nililonunua ni dogo, leso zimetundikwa kutoka darini hadi mlangoni. Nilikwenda na rangi yangu kichwani, zambarau yenye manjano, maana jiko letu ni la kuni na kitu cheupe hakidumu kwenye masizi. Niliiona, nikasema nipe jozi tano. Muuzaji hakuzifunga. Aliikunjua ya juu, akaweka kidole kwenye jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye leso, akanisomea: “Usisafirie nyota ya mwenzio.” Kisha akauliza ni za nani. Nilipomweleza, akatikisa kichwa.

“Basi hii siyo, mwalimu. Ukimpa mtu wa kazini hii, usiku hatalala, atajiuliza amekukosea nini.”

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba leso husema. Hata hivyo mimi, mzaliwa wa hapa hapa, nilikuwa nimetekwa na rangi nikasahau maneno. Angeweza kuchukua pesa zake akanyamaza. Badala yake aliteremsha mafurushi kama kumi, akanisomea moja moja. “Hasidi hana sababu” aliirudisha kabla sijasema neno. Tukatulia kwenye “Wema hauozi”, bluu ya bahari yenye pindo la machungwa. Nilitaka kumchagulia kila mama jina lake, akanishauri wote watano wapate moja, kwa sababu wakipewa maneno tofauti watalinganisha. Nilimsikiliza, na nafurahi nilimsikiliza.

Kuhusu kitambaa, niliomba pamba tupu. Alichomoa uzi kwenye ukingo akauchoma kwa kiberiti: ukawa jivu jepesi kama la karatasi. Wa polista ungeyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kwa mtu anayekaa na moto tangu alfajiri hilo si jambo dogo, kwa sababu polista huyeyukia mwilini, na tena ina joto. Leso mpya ni kakamavu kwa sababu ya wanga. Nilifua yangu niliyojinunulia, mara mbili tu ikalainika. Bluu ilichuja kidogo maji ya kwanza, kwa hiyo ifueni peke yake.

Bei ilikuwa shilingi 750 kwa jozi, baada ya kupatana. Leso huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana, na fundi aliyeketi na cherehani yake barazani alikata na kupinda kwa shilingi 100 kila jozi. Zilizobaki 850 zilitosha kikoi cha mlinzi wetu, ila nililazimika kukinunua duka la jirani. Kwenye duka hili la leso vikoi ni vichache mno.

Dosari ipo. Nilipofika nyumbani niliona jozi moja jina limechapwa kombo, limepanda juu ya pindo. Nilirudi Jumatatu baada ya kazi nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa ilikuwa imeshakatwa na kupindwa. Muuzaji alinibadilishia bila maneno, lakini upindaji wa pili nililipa mwenyewe. Nadhani angepaswa kuubeba yeye. Kunjueni kila moja mkiwa bado dukani.

Tulizitoa Ijumaa, mchana, watoto wakiwa wameshakula. Mwalimu mkuu aliniachia mimi nizungumze. Sikutaka maneno ya jumla, kwa hiyo nilimtaja kila mmoja kwa kazi yake: huyu huamka saa kumi ili uji uwe tayari kabla ya kengele, yule huchagua mawe kwenye maharagwe gunia zima, na huyu wa tatu humwekea sahani pembeni mtoto anayechelewa akitoka kliniki. Mama mkubwa wa jikoni, ambaye nimefanya kazi naye miaka tisa, hakuangalia rangi hata kidogo. Aligeuza leso akitafuta jina. Macho yake hayaoni vizuri sasa, akampa msichana wa darasa la saba amsomee. Aliposomewa alijifunika nayo uso wote, akakaa hivyo muda mrefu, na sisi tukakaa kimya naye.

Jana amenifuata ofisini na shilingi 750 zimefungwa kwenye pembe ya leso ile ile. Anataka nyingine ya jina hilo hilo, ampelekee mkwewe Kwale. Jumamosi navuka tena, na duka ninalokwenda ni lile lile.