Stellarium na mstari wa 7 Aprili 1498: uzoefu wangu

Nyumba moja ya wageni hapa Mombasa ilinipa kazi ya kuchora saa ya jua uani. Saa zenyewe hazikunisumbua. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili zinakaa vizuri, jua likifika katikati ni saa sita, basi. (Saa ya mkononi wakati huo husoma saa sita na dakika ishirini hivi, kwa kuwa saa zetu rasmi zinafuata nyuzi 45 mashariki, huko upande wa Mogadishu. Nilimweleza mwenye nyumba mapema, asije akadhani nimemharibia.)

Tatizo lilikuwa ule mstari alioutaka: kivuli cha adhuhuri kiguse pale kilipofika siku Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa, 7 Aprili 1498. Nikaingiza tarehe kwenye kikokotoo kimoja cha mtandaoni. Kikanipa jua nyuzi 6.8 kaskazini ya ikweta. Kijiti changu ni cha sentimita 30, kwa hiyo kivuli hakifiki sentimita 6. Nikatia chaki.

Kilichonishtua ni neno dogo chini ya jibu: Alhamisi. Shajara ya safari ile yasema ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Jumapili ya Matawi. Kumbe kikokotoo kimeirudisha kalenda yetu ya leo moja kwa moja hadi 1498, ilhali kalenda hiyo ilianza Oktoba 1582. Wareno walihesabu kwa kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 9. Siku yao ya 7 ni 16 Aprili yetu.

Ndipo nikapakua Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha anga la siku yoyote, nayo ni ya bure. F6 unaweka mahali, F5 unaweka tarehe. Raha yake ni kwamba tarehe yoyote kabla ya 15 Oktoba 1582 inaisoma kwa Juliasi bila kuambiwa. Nikasogeza saa mpaka jua likasimama kaskazini kabisa: kimo nyuzi 76. Kivuli sentimita 7.5. Ile chaki ya kwanza nikaifuta kwa mguu.

Jambo moja kwa anayechora mistari ya asubuhi na jioni: hewa hulipandisha jua lililo kwenye upeo zaidi ya nusu nyuzi, na kitufe cha A kinaizima hewa hiyo. Adhuhuri haina athari. Mwinamo wa dunia nao umepungua tangu 1498, lakini kwenye sakafu yangu tofauti yake haifikii unene wa chaki.

Programu haikuchorei saa, inakupa pembe tu. Tanjenti, ile hesabu ya kugeuza pembe kuwa urefu wa kivuli, utajipigia mwenyewe. Nyota tano hata hivyo.

Mwenye nyumba alinipigia simu mwishoni mwa Agosti. Kivuli kimegusa mstari tena, je, da Gama alirudi? Nikamwambia ni jua ndilo lililorudi.