Kinga za masikio kwa mtoto mwenye usonji: uzoefu wangu hapa Mombasa

Muziki wa matatu zetu wauelewa mwenyewe. Hausikiki tu, unakutikisa mpaka mbavu. Kwa mwanangu wa miaka sita, mwenye usonji (autism), ule mdundo ni maumivu. Alikuwa akijiziba masikio kwa viganja na kulia njia nzima, huku makanga ananitazama kama mama aliyeshindwa kulea. Ndipo nikanunua kinga za masikio, zile zinazofanana na hedifoni lakini hazina waya wala muziki. Mafundi wa kukata vyuma huvaa za aina hiyo.

Zinasaidia, ila usitarajie kimya. Zinapunguza makali ya sauti tu. Nikimwita kwa karibu ananisikia, na honi ya feri pale Likoni bado inamfikia, lakini hajitupi chini tena.

Mwanzoni hakutaka hata zimguse nywele. Tulianzia nyumbani, akitazama katuni, dakika mbili mbili, kisha anazivua mwenyewe. Ukimvisha kwa nguvu umetupa pesa.

Shida kubwa ni joto. Aliyeziunda hakuwaza mji wa pwani! Kaskazi ikipamba moto, jasho hujaa ndani ya vile vikombe, na kwa mtoto ambaye lebo ya shati tu inamkera, hilo si dogo. Nimekata leso kuukuu nikashona vifuniko vya kuvalisha sponji; nafua kila jioni. Chukua saizi ya watoto. Za wakubwa humteleza, na ukizikaza zinambana kichwa.

Mtaalamu wa tiba anayemhudumia alinionya asizivae kutwa, maana masikio yakizoea ukimya hata vishindo vidogo vitamsumbua. Kwa hivyo ni za safari, soko la Kongowea na harusi. Harusi tulikuwa tumeziacha kabisa, na jamaa wakaona tunajitenga.

Maswali hayaishi. Kwenye feri mzee mmoja alimwinamia: "Mjukuu wangu, wasikiza nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nyumbani kwake yuko mmoja anayejiziba masikio vivyo hivyo, na wao humchapa wakidhani ni ukaidi. Nikampa zile kinga azishike, azijaribu mwenyewe. Alizivaa juu ya kofia yake mpaka tukafika ng'ambo.

Nikinunua nyingine nitatafuta zenye sponji ya kutoa, nipumzike na kushona.