Kompresa ya volti 12: miezi minne mchangani

Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna hii kompresa ya upepo ya volti 12, kadogo kuliko boksi la viatu. Nimeinunua kwa hela yangu, nimezunguka nayo miezi minne. Kampuni siitaji, kwa sababu kuna kasoro mbili mtaziona.

Najua mtaniuliza: kompresa na kutunza pori vinahusiana nini? Vinahusiana kwenye uvivu wetu. Dereva asiye na cha kujazia upepo hathubutu kuutoa. Anaingia mchangani na tairi ngumu za psi 36 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), zinazunguka palepale, zinachimba. Anayekuja nyuma anaukwepa ule mtaro, anapita pembeni juu ya majani. Wa tatu anapita pembeni zaidi. Msimu ukiisha, njia moja imezaa nne.

Sogeza kamera hapa chini. Umeona alama hii? Hiyo ni psi 36: nyembamba, imezama, kingo zimebomoka. Sasa njoo huku, gari lile lile, mchanga ule ule, psi 18. Imerefuka, imetandaa, kina karibu hakuna. Uzito haujapungua hata kilo moja, umepata tu pa kukalia. Chini ya 15 mimi siendi, tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata kona. Na ukishatoa upepo, mwendo nao ushuke.

Tuje kwenye mashine. Kutoka 18 kurudi 36, tairi moja inakula dakika nne na ushee. Inavuta zaidi ya ampea 30, kwa hiyo usiichomeke kwenye tundu la kiberiti cha gari, fyuzi ya pale itaungua tu. Bana klipu kwenye betri yenyewe, injini ikiwa inaunguruma. Baada ya tairi mbili ipumzishe.

Kasoro ya kwanza, geji. Inadanganya kwa psi 3. Nimeipima na geji yangu ya mkononi: yenyewe inasema 18, ukweli ni 15, yaani uko ukingoni na hujui. Hiyo kwangu ni dosari kubwa. Ya pili, hiki kichwa cha chuma kwenye mpira, kinachofungwa kwenye vali, kinapata moto balaa. Kidole hiki hapa ni shahidi. Vaa glavu.

Na kelele! Tafadhali msiiwashe alfajiri kambini watu wamelala. Nilifanya hivyo mara moja, salamu za asubuhi zilikuwa za baridi sana.

Kuna mtu kaniandikia, "Kwa psi 15 napita popote." Unapita, ndugu yangu, na ndiyo hofu yangu. Tairi laini inakulinda ukiwa ndani ya njia, haikupi ruhusa ya kutoka. Kuna udongo wa jangwani wenye ukoko mweusi, umeshikwa na bakteria na kuvumwani, yaani kuvu na mwani vilivyoungana. Tairi ya psi yoyote ikipita juu yake unapasuka, na kurudi kwake ni miaka, pengine makumi ya miaka.

Ningeinunua tena? Ndiyo, pamoja na geji ya pembeni. Wenye gari zenye tairi kubwa kuliko zangu tafuteni yenye silinda mbili, hii itawachosha. Wiki ijayo nawaletea vibao vya kujinasulia, kimoja kimeshavunjika meno.