Land Cruiser au Defender ya zamani: nini kinunuliwe kwanza kabla ya kuingia porini

Maduka mengi ya vifaa vya 4x4, Nairobi kwa Arusha, huweka mbele winchi, taa za LED na mahema ya juu ya paa. Matairi yako uani, na mirija ya kupumulia difu (lile boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili) usipoiulizia huonyeshwi. Mwenye gari kuukuu akiingia na pesa zake hutoka na kile kinachong'aa. Mpangilio wangu unakwenda kinyume: pesa ianzie pale gari linapogusa ardhi, ipande juu taratibu, paa liwe la mwisho.

Nayazungumzia magari mawili, maana ndiyo yaliyojaa huku kwetu: Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita ya lita 4.2 isiyo na tabo, na Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi ya miaka ya katikati ya 1990. Mengi yametoka kwenye kampuni za utalii, mashirika na minada ya serikali, kwa hiyo yameshapigwa kazi kabla hujayaona. Mwenye Pajero, Prado au Suzuki atafuata foleni hiyohiyo, vipimo tu ndivyo vitakavyobadilika. Bei sitaji, dola haitulii. Chukua makadirio ya maduka mawili matatu, na uulize gharama ya kufunga kando na gharama ya kifaa.

Kabla ya yote, gereji

Tenga theluthi ya bajeti yako kwa vitu ambavyo hakuna atakayevisifia. Injini zote mbili zinatumia mkanda wa taiming. Wako wanaoapa kwamba 1HZ haina, nao wanakosea. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Halafu redieta na mipira yake, breki, beringi na sili za magurudumu, boshi za springi, na beringi za kingipini kule mbele. Kwa Defender ingia chini na nyundo ndogo ugonge chesisi, hasa boriti ya nyuma kabisa. Gari lililoishi Tanga au Mombasa limekula chumvi, na rangi nyeusi iliyopakwa juzi inaficha mengi.

Kisha hakikisha 4x4 yenyewe inafanya kazi. Land Cruiser nyingi za zamani zina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Zifunge, ingiza gia nzito, kisha lijaribu gari kwenye udongo, si kwenye lami. Kwa Defender, ambayo magurudumu manne yanavuta muda wote, vuta ile loki ya difu ya kati, inayolazimisha ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka pamoja, uone kama taa yake inawaka na kuzimika. Wenye magari haya huuziwa loki mpya za difu huku ile waliyo nayo imeganda kwa kutotumika.

Nafasi ya kwanza: matairi

Hakuna kitu kingine kitakachobadilisha gari lako kiasi hiki. Springi za gharama juu ya matairi yaliyokwisha hazitakupeleka popote, lakini gari lenye springi za kiwandani na matairi mazuri litafika sehemu nyingi.

Kipimo cha kiwandani kwa magari mengi ya aina hizi ni 7.50R16, mara nyingi pamoja na tyubu. Land Cruiser nyingine zina rimu za ringi, zile zinazofunguka. Sifa yake inajulikana: fundi pancha wa kijiji chochote anaifungua kwa vyuma viwili na nyundo. Ubaya wake ni kwamba ukitoa upepo mwingi ili upite mchangani, tairi huteleza kwenye rimu, tyubu ikafuata, na vali ikang'oka. Na ringi isiyokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka ikaua mtu. Kama safari zako ni za mchanga na mawe, badilisha rimu ziwe za tyubulesi, ununue 235/85R16. Kimo chake ni karibu sawa na 7.50, kwa hiyo spidomita haidanganyi na hakuna pa kukata bodi. Tafuta yenye namba ya uzito 120, maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 1,400. Pancha ndogo utaiziba kwa nje kwa vile vikamba vya mpira vya kusokomeza, bila kuvua tairi.

Watu watakushawishi uende 285/75R16. Tufanye hesabu. Tairi hilo lina kimo cha milimita 834 hivi, na lile la 235/85 lina 806. Nusu ya tofauti ndiyo inayofika chini ya difu: milimita 14. Kwa milimita hizo utapata upana unaogusa bodi ukikata kona, beringi zinazochoka mapema, na injini isiyo na tabo inayolalamika mlima Kitonga wote. Kwa gari la safari, sipendekezi.

Kashata gani, yaani michoro ya tairi? Kwa watu wengi, zile za matumizi mchanganyiko, AT. Zile za matope, MT, zina makucha, lakini hulia kwenye lami, huisha haraka, na kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri. Hoja inayotumika kuziuza ni udongo mweusi wa mbuga, ule wa Ndutu au Katavi wakati wa masika. Ukweli ni kwamba udongo ule ukilowa sawasawa huziba hata makucha ya MT, na ndani ya mita chache unaendesha maduara manne ya tope. Dawa yake ni kusubiri jua au kuzunguka. Nunua MT kama kazi yako inakulazimisha kupita huko mvua ikinyesha, si kwa sababu zinapendeza.

Jambo moja kwa wanunuzi wa mitumba: angalia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata linaweza kuwa nene huku mpira umekauka, na mpira mkavu hupasukia ubavuni, mahali pasipozibika. Nunua matano yanayofanana, si manne.

Nafasi ya pili: upepo na vifaa vya kujikwamua

Pampu ya upepo inayofungwa kwenye betri, na geji ya kuaminika, ni sehemu ya ununuzi wa matairi. Kushusha upepo hadi psi 18 kwenye mchanga, au 26 hivi kwenye changarawe mbovu, kunarefusha tairi liguse ardhi zaidi, na mara nyingi gari lililozama linatoka lenyewe. Tatizo ni kurudisha upepo. Asiye na pampu hashushi, na asiyeshusha anakwama. Pampu ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara hazitoshi kwa matairi haya, huchemka kabla ya gurudumu la pili kujaa.

Baada ya hapo sepetu zuri. Kisha mbao za plastiki za kuweka chini ya gurudumu, jozi moja. Kisha kamba inayonyumbuka ya kuvutia, yenye nguvu ya kukatika mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari lililopakiwa, yaani tani 8 hivi kwa gari la tani 3. Mnyororo au kamba ngumu ni vya kuvuta taratibu tu. Usivitumie kwa kuchomoa kwa kishindo.

Shakeli ziwe zimepigwa muhuri wa uzito. Ile ya kawaida kwa magari haya ni ya tani 4.75, na isiyo na maandishi iache dukani hata kama unapewa bure. Hakikisha pia gari lina sehemu za kufungia kamba zilizoshikwa na bolti kwenye chesisi, mbele na nyuma. Vile vipete vidogo vya kiwandani mara nyingi ni vya kufungia gari melini. Na kamwe usifunge kamba kwenye kile kipira cha kuvutia trela: kikikatika kinaruka na kupita kwenye kioo, na watu wameshakufa hivyo.

Jeki ndefu ya meno inahitaji bampa ya chuma ya kushikia na kipande cha mbao nene cha kukalia. Bila hivyo viwili ni hatari zaidi ya faida.

Nafasi ya tatu: springi na shokapu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa sababu watu hununua urefu badala ya ubebaji. Kuinua springi hakuinui difu hata milimita moja; difu inakaa na ekseli, na ekseli inakaa kwenye magurudumu. Unachopata ni bodi iliyo juu zaidi na nafasi ya springi kufanya kazi, jambo jema, ila lina mpaka. Mpaka wangu ni milimita 50. Ukizidisha, pembe za propela zinabadilika, mipira ya breki inakuwa mifupi na usukani unaanza kutangatanga.

Pakia gari kama linavyosafiri, watu ndani, tangi limejaa, kisha ulipime kwenye mizani. Nunua springi za uzito huo. Kampuni kama Old Man Emu na Ironman huuza kila seti kwa daraja la mzigo, na ukinunua za mzigo mzito ukatembea mtupu, mgongo wako utajua. Land Cruiser za kabla ya mabadiliko ya 1999 zina springi za mabamba mbele na nyuma. Baada ya hapo mbele ni za koili. Defender ni koili pande zote. Fundi atakushauri kuongeza bamba moja kutoka kwenye gari lililochinjwa. Ni rahisi, na kwa gari la kubeba mkaa linafaa, lakini bamba geni halipindi pamoja na mengine, na mwisho wake moja hukatika.

Shokapu zisinunuliwe za bei ya chini. Barabara ya kuelekea Ziwa Natron, yenye mikunjo kama bati, huzichemsha hadi mafuta yake yanapoteza uzito, na gari linaanza kuchezea njia. Hata zile nzuri zinahitaji usimame zipoe.

Nafasi ya nne: mirija, kisha mkonga

Difu iliyochemka ikiingia kwenye maji baridi, hewa ndani yake hunywea ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Mirija mirefu inayopandisha pumzi za difu na giaboksi hadi juu ya injini ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo mno. Ifanye kabla ya mkonga, ule mrija unaopanda hadi usawa wa paa kuingiza hewa kwenye injini.

Mkonga wenyewe una faida mbili. Ya kwanza ni maji, maana maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, na kinachopinda ni fimbo za pistoni. Ya pili, ambayo utaitumia kila siku ya kiangazi, ni kuvuta hewa yenye vumbi kidogo zaidi. Ila mikonga mingi ya bei poa ni urembo, viungo vyake havikuzibwa. Baada ya kufungiwa, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa mkonga. Injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inavuta hewa kutoka pengine, na fundi hajamaliza kazi.

Nafasi ya tano: loki ya difu ya nyuma

Gurudumu moja likining'inia hewani kwenye korongo, difu ya kawaida hulipa nguvu zote lile lisilogusa kitu. Loki huyafanya magurudumu yote mawili ya ekseli yazunguke pamoja, na ya nyuma pekee inatosha kwa sehemu kubwa ya njia zetu. Land Cruiser nyingine zilitoka kiwandani na loki mbele na nyuma, kwa hiyo tazama swichi kwenye dashibodi kabla ya kununua. Zile za upepo, kama za ARB, zinahitaji kompresa yake, na kompresa hiyo inaweza kujaza matairi pia. Ukijua utafika hapa, panga ununuzi wa pampu mapema. Ya mbele iache. Ukikata usukani huku imefungwa, unavunja vyuma vya ghali.

Nafasi ya sita: winchi

Kama mnasafiri magari mawili, winchi inaweza kusubiri miaka. Anayetembea peke yake achukue yenye uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari: kwa tani 3, kuanzia paundi 10,000 hivi, na 12,000 ukibeba sana. Uwezo ulioandikwa ni wa mzunguko wa kwanza wa kamba kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka unapungua. Kumbuka pia betri, bampa, na springi za mbele zitakazobeba yote hayo. Na kwenye uwanda wa Chalbi au Serengeti, utaifunga kwenye mti gani?

Nafasi ya mwisho: paa

Raki nyepesi, kama lazima. Madumu ya maji na dizeli yakae ndani, chini, kati ya ekseli. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20, na matano juu ya paa yanatosha kuliegemeza gari kwenye mteremko wa ubavuni. Taa za ziada zinunue kama unaendesha porini usiku, jambo ambalo ni bora usilifanye.

Vya kutonunua kabisa: vipande vya kupanua magurudumu, matofali ya kuinua bodi juu ya chesisi, na matairi ya inchi 35. Utaviona kwenye magari ya Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza 1989, na utatamani. Magari yale hutafuta vituo 13 ndani ya saa kumi kwa umbali mfupi kuliko wote, yana timu ya mafundi, na jioni mengine hupandishwa kwenye lori kurudi nyumbani. Lako litarudi kwa magurudumu yake, na kesho yake lipeleke watoto shule.