TAHADHARI: Muuzaji wa "vitabu vya ndege za kivita" anayezunguka Malindi na Watamu

Salaam wenzangu. Mnaounda modeli za ndege za kivita, kuanzia Malindi na Watamu mpaka Lamu na Mombasa, shikeni pesa zenu kwanza. Kuna mtu anauza vitabu vya marejeo vya ndege za Vita vya Pili vya Dunia ambavyo si vitabu, ni fotokopi zilizovalishwa jalada la kung'aa. Anajitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa majina tofauti, lakini hadithi yake haibadiliki: vitabu ni vya mzee Mwitaliano aliyekuwa na nyumba hapa Malindi, amerudi kwao, na familia inataka nyumba iwe tupu kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa mji wetu hadithi hiyo inaingia akilini upesi. Waitaliano wameishi hapa miaka mingi, na kweli wako wanaoondoka wakaacha vitabu vizuri sana. Ndiyo maana watu hawaulizi maswali.

Kijana mmoja wa Barani aliniletea viwili alivyonunua, kila kimoja shilingi 3,500, akitaka nimsaidie kusoma michoro. Baadaye mama mmoja wa Shella, hiyo Shella yetu ya Malindi, akaja na kitabu cha mwanawe kutoka kwa muuzaji huyohuyo. Nimevikagua vyote ukurasa kwa ukurasa. Ninayoyaandika hapa nimeyapima kwa rula na kuyatazama kwa lenzi.

Kubwa kuliko yote ni skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ndege halisi. Michoro ya Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, imeandikwa 1/72, yaani ndogo mara 72. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa ya mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo mchoro wa 1/72 lazima utoe milimita 169. Wa kitabu hiki unatoa 159. Aliyeuskani aliiacha mashine ipunguze ukurasa ili uenee kwenye karatasi ya A4, kila kitu kikapungua kwa karibu asilimia 6, na yale maandishi ya 1/72 yakabaki palepale. Mchoro wa ubavuni nao umepunguzwa kwa kiasi kingine, hata ukiuweka pamoja na ule wa juu, pua ya ndege ileile ina urefu wa aina mbili. Kijana wa Barani, maskini, alikuwa ameshaanza kukwangua ncha za mabawa ya plastiki akidhani waliotengeneza boksi la vipande vya modeli ndio waliokosea. Boksi lilikuwa sawa kabisa. Na plastiki ikishakatwa hairudi, na boksi jingine hapa kwetu si kitu cha kupata dukani kesho.

Kitabu cha pili kimenikera zaidi kwa sababu kinachezea historia yetu. Jalada linasema kina ndege za Waitaliano zilizopiga mabomu Malindi mwaka 1940. Mji huu ulipigwa kweli mwaka huo, na mtu yeyote wa hapa mwenye mapenzi na ndege angetamani kitabu kama hicho. Ndani kimeandikwa ni Caproni Ca.133. Lakini karibu nusu ya picha ni za Savoia-Marchetti SM.81, ndege nyingine kabisa. Zote mbili zina injini tatu na magurudumu yasiyokunjwa, basi mtu anayeanza hawezi kushuku. Tazama bawa: la Ca.133 limekaa juu ya kiwiliwili, la SM.81 limekaa chini. Upana pia uko mbali, mita 21.24 kwa Caproni na mita 24 kwa Savoia. Ukifuata picha hizo utaunda ndege isiyowahi kuruka popote.

Halafu kuna rangi. Ndege nyingi za Afrika Kusini wakati wa vita zilikuwa na nembo ya mviringo yenye doa la rangi ya machungwa katikati, pale ambapo ndege za Uingereza zina nyekundu. Hurricane za Afrika Kusini ndizo zilizopigana kutoka Kenya mwaka 1940 na 1941, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengi. Kwenye fotokopi yake doa hilo limekuwa jekundu. Kahawia na kijani, zile ambazo Waingereza waliziita Dark Earth na Dark Green, zimegeuka zote kuwa rangi moja ya tope. Hakuna rangi utakayoichanganya kwa kutazama kurasa hizo ikatoka sahihi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba maelezo ya chini ya picha yamekatwa, nadhani ili isijulikane picha zimetolewa kitabu gani. Kitabu cha marejeo bila maelezo hayo kina faida gani? Unachonunua hasa ni yale maneno madogo: picha ilipigwa lini, wapi, ndege ya kikosi gani, namba yake ya mkiani ni ipi. Hurricane za mwanzo zilikuwa na mabawa yaliyofunikwa kitambaa na pangaboi la mbao lenye makasia mawili. Za baadaye zina mabawa ya bati na makasia matatu. Toleo la Mk I lina bunduki nane mabawani, la Mk IIC lina mizinga minne inayochomoza mbele. Bila tarehe na namba hujui unaunda ipi. Hata picha ya nyeusi na nyeupe inahitaji maelezo, kwa sababu filamu za aina fulani za zama hizo zilionyesha rangi ya manjano kama nyeusi na buluu kama nyeupe. Mwandishi mzuri hukutahadharisha. Huyu amekata tahadhari pamoja na karatasi.

Mtu akikuletea kitabu, mwombe video, picha peke yake haitoshi. Afungue kurasa za katikati, alaze rula juu ya mchoro wa mabawa, usome mwenyewe. Tafuta upana wa ndege halisi, ugawe kwa 72 au 48, ulinganishe. Hurricane kwa 1/48 ni milimita 254. Tofauti ya milimita moja inavumilika, kumi hapana. Ukikipata mkononi tumia lenzi: picha iliyochapwa kiwandani ina vitone vidogo vilivyopangika vizuri, lakini iliyoskaniwa kutoka kitabu kingine hutoa mawimbi na mirabaraba, hasa angani na kwenye vivuli. Na soma ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu. Vitabu hivi vitatu, vyenye majina matatu, vina namba ileile moja, ilhali kila kitabu hupewa yake. Itafute hiyo namba kwenye intaneti, na ikitoa jina lingine acha biashara hiyo.

Nilimwomba muuzaji video ya rula. Akanijibu, "Wewe unanunua kitabu au unanunua hesabu?" Kisha akanibloki.

Kuna waliopata hasara bila hata fotokopi. Wametuma nusu ya bei kwa M-Pesa, wakaambiwa kifurushi kimekwama ofisi ya basi Mombasa, tuma tena kidogo kitolewe. Hakiji. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la mtu unayezungumza naye, usitume. Kama umeshatuma, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, papo hapo, maana akishatoa pesa kazi inakuwa ngumu.

Kwa vijana wanaoniuliza wafanye nini kama kitabu halisi hakipatikani: kijitabu chembamba cha zamani chenye maelezo kamili ni bora mara nyingi kuliko kinene cha picha kubwa zisizosema kitu. RAF Museum ya London, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, ina Hurricane Mk I halisi, na picha zake utaziona kwenye intaneti bure. Ziamini kwa umbo, viungo na vifuniko vya injini. Rangi usiziamini sana, kwa kuwa ndege za makumbusho huwa zimepakwa upya. Na hao Waitaliano wanaouza vitabu vyao kweli wapo. Nenda nyumbani kwao mchana, na rula mfukoni.

Walionunua, msivitupe vitabu hivyo wala msifute mazungumzo. Vitabu, ujumbe wa M-Pesa na namba alizotumia ni ushahidi. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda kuandikisha malalamiko kwa pamoja katika kituo cha polisi cha Malindi. Mama wa Shella na kijana wa Barani watakuwapo. Walio Lamu na Watamu wasioweza kufika, nitumieni nakala za ujumbe kabla ya Jumapili jioni niziambatanishe, na kila mmoja aandike tarehe aliyolipa na kiasi alicholipa.