Kumtambua kidenenda wa Hunter mlimani Elgon, uzoefu wangu na mwongozaji wa Budadiri

Kama unaenda Elgon kwa ajili ya ndege chukua mwongozaji anayejua sauti, na umwambie mapema kwamba hujaenda kukimbilia kilele cha Wagagai. Mimi wangu nilimpata Budadiri, mji wa chini ya mlima upande wa Uganda, na pesa niliyomlipa siijutii hata kidogo.

Hawa videnenda, vindege vya nyasini na vichakani, kila anayeangalia ndege anajua wanavyosumbua, wote wadogo, wote rangi ya udongo, na ile app niliyokuwa nayo kwenye simu ukiipa picha inakumwagia majina kibao uchague mwenyewe, halafu huko juu netiweki hamna. Jamaa hata darubini hakuitoa. Tulipanda msitu ukaisha, mianzi ikaisha, tukatokea kwenye vichaka vya erika akatuambia simameni, sikilizeni kwanza. Ikaanza sauti kali ya harakaharaka, na kabla haijakatika nyingine ikadakia palepale, yaani ungeapa ni ndege mmoja mwenye pumzi za ajabu, kumbe ni wawili wako juu ya kijiti kimoja wanatazamana, koo zinatetemeka, mara wa tatu naye akaruka akajiunga.

Sasa utaalamu uko hapa. Kidenenda wa Chubb naye anaimba kwa kupokezana hivyohivyo na yupo Elgon hiyohiyo, kwa hiyo sauti peke yake haitoshi. Akanipa darubini akasema angalia mgongo, una michirizi? Ilikuwepo, ya giza, siyo mikali sana. Wa Chubb mgongo wake hauna kitu, na anapenda zaidi pembeni mwa msitu huku chini, huyu wa Hunter anapanda mpaka kwenye malobelia, ile mimea mirefu ya huko juu kabisa. Kwa sisi Uganda Elgon ndiyo mahali pa kumtafutia, usijisumbue kwenda Rwenzori.

Nilichompendea zaidi alikataa kata kata kupiga rekodi kwenye spika ili wasogee, maana wakisikia wanadhani wameingiliwa eneo lao, wanaacha kula wanakuja kufukuza. Anatembea mbio kidogo lakini ukimwambia anapunguza. Beba sweta nzito na glavusi, asubuhi baridi yake siyo ya mchezo, na malipo ya hifadhi yako kando.

Kabla hujatoa hela muulize tu Hunter na Chubb unawatofautishaje, akianza kubabaika tafuta mwingine.